Diski zinazojikokota katika kompyuta uliyoiunda mwenyewe

Kijana wangu wa Lindi, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nitaanza kwa kulirudia swali lako kwa ufupi, ili na mwingine mwenye shida kama yako aweze kufuata. Umejiundia kompyuta ya mezani kwa ajili ya kuhariri video za harusi na za sherehe za kuwatoa wali: bodi mama ya H61, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 3, RAM ya gigabaiti 4, Windows 10 na diski ngumu mbili. Diski ya kwanza ni ya terabaiti 1, uliuziwa kama mpya, na ndiyo inayobeba Windows pamoja na video zote. Ya pili ni ya gigabaiti 500, imetoka katika kompyuta yako ya zamani, na ndani yake mna picha za wateja wako wa miaka yote. Ukinakili video kutoka kadi ya kamera kwenda diski ya kwanza, kazi huanza kwa megabaiti 35 kwa sekunde, kisha hushuka hadi 4 na kubaki hapo. Ukifungua folda fulani za picha katika diski ya pili, kompyuta nzima huganda nusu dakika au zaidi. Unaniuliza kama tatizo ni Windows, bodi au diski, na kama ununue diski mpya kabla msimu wa korosho haujafika na harusi hazijaanza kufuatana.

Umefanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kunitumia namba za CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, kwa diski zote mbili. Kwa sababu ya namba hizo naweza kukujibu nikiwa hapa Mtwara bila kuigusa kompyuta yako. Una magonjwa mawili yasiyohusiana, ambayo yamefanana kwa dalili tu. Diski ya kwanza yenyewe haionekani kuwa mbovu, bali kinachosumbua ni njia inayoiunganisha na bodi. Diski ya pili ina sehemu isizoweza kuzisoma, na picha zilizomo ziko hatarini. Usiweke Windows upya, usinunue bodi, na tafadhali usianze na diski ya kwanza kwa sababu tu ndiyo inayokukera kila siku.

Anza na picha. Tafuta diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, hata kama ni ya kuazima kwa siku mbili, na unakili picha zote kabla ya kufanya jaribio lolote katika diski ile. Umesema picha zinafika gigabaiti 310. Kwa kasi ya megabaiti 35 kwa sekunde hiyo ni kazi ya saa mbili na nusu ikiwa hakuna kinachokwama, na kwako kitakwama, kwa hiyo jipangie usiku mzima.

Usinakili kwa kuburuta folda kwa kipanya. Windows ikifika kwenye picha isiyosomeka itasimama na kukuuliza ufanye nini, na ukiwa umelala kazi yote itakuwa imekusubiri mpaka asubuhi. Tumia robocopy, ambayo tayari imo ndani ya Windows. Fungua dirisha la amri, uandike hivi, ukibadilisha herufi za diski zilingane na zako:

robocopy E:\Picha F:\Picha /E /R:1 /W:1 /LOG:F:\ripoti.txt

Alama ya /E inaiambia ichukue folda zote na zilizomo ndani yake, hata zilizo tupu. Alama mbili zinazofuata ndizo zenye uzito kwako. Bila kuambiwa vinginevyo, robocopy ikishindwa kusoma faili hulirudia mara milioni 1, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na hilo kwa diski yenye sehemu mbovu ni sawa na kutokumaliza kamwe, tena ni kuichosha diski mahali pale pale inapougua. Kwa /R:1 na /W:1 itarudia mara moja baada ya sekunde moja, kisha itaendelea na faili linalofuata. Majina ya yaliyoshindikana utayakuta katika ripoti.txt. Yakiwa machache na wenyewe wana nakala zao, yaache. Yakiwa ni ya thamani, usiendelee kuyabonyeza moja moja kwa kubahatisha, bali niandikie, kwa kuwa ipo programu ya Linux iitwayo ddrescue inayosoma kwanza sehemu zote nzima, ikaweka kumbukumbu ya zilizogoma, kisha ikazirudia hizo peke yake mwishoni.

Nakusisitizia mpangilio huu kwa sababu niliwahi kuuvunja. Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu nililetewa kompyuta iliyokuwa ikiganda kama yako, nami bila kutazama namba zozote nikaiwekea chkdsk yenye alama ya /r, nikaenda kula. Amri hiyo husoma diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho na kuandika marekebisho yake humo humo. Diski iliyokuwa imebakiza nguvu kidogo ikazimaliza katika kusomwa huko, na niliporudi haikuonekana tena hata kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows. Mwenyewe alikuwa na picha za mazishi ya baba yake humo, na hakuwa na nakala. Amri ile ni nzuri kwa diski nzima yenye mfumo wa mafaili uliovurugika, lakini kwa diski iliyoanza kushindwa kusoma, inakuja baada ya kunakili au haiji kabisa.

Sasa nikuonyeshe nilivyozisoma namba zako, kwa maana utazihitaji tena. Diski ngumu hujiwekea daftari lake la afya, liitwalo SMART, na CrystalDiskInfo haifanyi zaidi ya kulifungua na kukuonyesha. Kuna safu iitwayo Current, ambako umeona 100 na 200 ukadhani ni asilimia ya uzima. Si asilimia. Ni alama ambayo kila mtengenezaji huipanga kwa kipimo chake, nayo hushuka kadiri hali inavyoharibika, lakini kwa shida yako haitusaidii. Safu ya kutazama ni Raw Values, na hapo ndipo uliposhtuka, maana programu hii huonyesha namba hizo kwa heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita, ambamo herufi A mpaka F nazo ni tarakimu. Nenda kwenye Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, uchague 10 [DEC], na namba zitageuka kuwa za kawaida. Na ile namba kubwa ya kutisha katika mstari wa 01 wa diski ya kwanza usiihesabu kuwa ugonjwa. Umeniambia diski hiyo ni Seagate, na kwa diski za Seagate mstari wa 01 na wa 07 huwa na namba kubwa hata kwa diski iliyo nzima.

Kwa swali lako inatosha kuijua mistari minne. Mstari wa 05 unahesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kuhukumiwa kuwa mbovu na nafasi yake ikachukuliwa na sekta za akiba. C5 unahesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma lakini haijatoa hukumu. C7 unahesabu mara ambazo data iliharibika ikiwa njiani kati ya diski na bodi. Na 09 ni saa ambazo diski imekaa ikiwa imewashwa tangu itoke kiwandani.

Katika diski yako ya pili, 05 ni sifuri, C7 ni sifuri, na C5 inasomeka 18, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 24. Sekta 24 kati ya mamilioni ni chache mno, na ni haki uulize zinawezaje kuigandisha kompyuta nzima. Jibu liko katika mzunguko. Diski hii huzunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kichwa cha kusomea kikishindwa kuisoma sekta fulani, hakiwezi kurudi nyuma. Kinalazimika kusubiri sahani, yaani bamba la ndani linalobeba data, imalize mzunguko mzima ili sekta ile ipite tena chini yake. Diski ikijaribu mara 200, ambayo si ajabu, sekunde moja na nusu na zaidi imekwenda kwa ajili ya sekta moja. Kisha diski inaiambia Windows kwamba imeshindwa, Windows inaagiza irudiwe, na programu iliyokuwa inachora vipicha vidogo vya folda ile nayo inaomba tena. Huo ndio ule mgando wa nusu dakika, na ndiyo maana unatokea kwenye folda fulani tu, siku zote zile zile. Ukitaka ushahidi mwingine, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System, utazame saa ile ile kompyuta ilipoganda. Natarajia utakuta tukio lenye namba 7 kutoka kwa disk, linalosema kuna sehemu mbovu, au namba 153, linalosema ombi limerudiwa.

Hata hivyo, C5 yenye namba huku 05 ikiwa sifuri haijathibitisha kwamba uso wa sahani umeharibika. Kila sekta huandikwa pamoja na tarakimu za kuihakiki. Umeme ukikatika wakati sekta inaandikwa, data na tarakimu zake zinaweza zisilingane, na siku ya kuisoma diski itaiona ni mbovu ilhali pale mahali penyewe pazima. Nawe umeniandikia kwamba umeme wa mtaani kwenu hukatika na kurudi mara kadhaa kwa siku na kwamba huna UPS, yaani betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Inawezekana kabisa sekta hizo 24 zimezaliwa humo. Njia ya kulijua hilo ni kuiandika diski yote upya, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutanguliza kunakili. Picha zikishakuwa salama mahali pawili, ifomati diski ile ukiwa umeondoa alama ya Quick Format. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri katika kila sekta. Ikiisha, tazama namba tena. C5 ikirudi sifuri na 05 ikabaki sifuri, makosa yalikuwa ya umeme, na diski inaweza kuendelea kwa kazi zisizo na uzito. C5 ikipungua huku 05 ikipanda, maana yake diski imezijaribu sekta zile kwa kuziandika, ikazikuta mbovu kweli, ikazibadilisha. Hapo usiiwekee tena kazi ya mteja hata mmoja. Mimi kwa maoni yangu, hata ikitoka salama, nisingeirudishia jukumu la kuwa ghala pekee la picha za miaka yote.

Nyongeza ndogo kuhusu diski hiyo hiyo. Umeilaza juu ya sponji ndani ya kasha ili isingurume, na joto lake linasomeka nyuzi 47. Diski nyingi huruhusiwa hadi nyuzi 60, kwa hiyo haijaungua, lakini sponji huzuia joto kutoka kupitia chuma cha diski. Itoe, uifunge diski kwa skrubu zake nne.

Sasa diski ya kwanza. Hapa 05 ni sifuri na C5 ni sifuri, na programu imeiandikia Good kwa rangi ya bluu. Hukumu hiyo ya bluu hutolewa kwa kutazama sekta, na C7 haimo katika hesabu yake. Nawe C7 yako inasomeka 090A, yaani 2314. Mara 2314 data imetoka upande mmoja ikiwa nzima na kufika upande wa pili ikiwa imeharibika. Kila inapotokea hivyo, upande unaopokea hugundua kwa kupiga hesabu ya uhakiki, huikataa, na data hutumwa upya. Kwa hiyo video zako hazijaharibika, lakini zinafika kwa kutumwa mara mbili na mara tatu, na katikati yake bodi na diski hulazimika kukatiza mazungumzo na kuanza upya. Katika Event Viewer hilo huonekana kama tukio la namba 129, au namba 11 kwa baadhi ya madereva (programu ndogo ambazo Windows huongozea vifaa).

Kabla sijaendelea, ile kasi ya megabaiti 35 ya mwanzo uliyoidhani kuwa ndiyo kasi ya diski, siyo. Kisoma kadi chako kimechomekwa kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kwa vitendo halipitishi zaidi ya megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Diski ya aina yako ikiwa na afya huandika megabaiti 150 kwa sekunde au zaidi kwenye sehemu za nje za sahani, na karibu nusu ya hapo kwenye sehemu za ndani. Kwa maana hiyo ingepaswa kuipokea kadi yako kwa 35 kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuhema. Kilichoonekana ni Windows kupokea gigabaiti ya kwanza katika RAM, na kadi ikawa ndiyo kikomo. RAM ilipojaa, ikabidi isubiri diski, na ukweli wa njia ya diski ukajitokeza.

Njia hiyo ni kebo ya SATA na matundu yake mawili. Wewe umeniambia meza yako iko chini ya dirisha linalotazama bahari na kwamba kebo ulizitoa katika kompyuta ya mtumba. Sisi tunaoishi mwambao huu, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, upepo wa kusi na wa kaskazi wote unatuletea chumvi ndani ya nyumba, na chumvi pamoja na unyevu hula kila chuma kilichopakwa kidogo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, shika chuma cha kasha kwanza, kisha chomoa kebo ya data ya diski ya kwanza upande wa diski. Washa tochi ya simu na utazame ndani. Utaona pini saba nyembamba zimepangwa mstari mmoja. Zikiwa za dhahabu inayong'aa, ni njema. Ukiona madoa ya kahawia au unga wa kijani, hata kwenye pini moja, umempata mgonjwa. Tazama pia kama kebo inacheza ikiwa imechomekwa. Iliyo na klipu ya chuma hubana, isiyo na klipu hulegea taratibu kwa mtikisiko wa feni. Viungio hivi vya ndani ya kasha vimesanifiwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 tu, na kebo ya mtumba huenda ilikwisha kuzimaliza kabla haijafika kwako.

Wala huhitaji kununua kebo ili kulithibitisha hili. Diski ya pili ina C7 ya sifuri, maana yake kebo yake na tundu lake kwenye bodi havijawahi kukosea hata mara moja. Ukishamaliza kunakili picha, iondoe diski ya pili, uichukue kebo yake pamoja na tundu lake, uviunganishe na diski ya kwanza. Andika C7 ilipofika siku hiyo, kwa sababu kihesabio hicho hakirudi nyuma hata kebo ikiwa mpya, na 2314 itabaki pale milele. Nakili gigabaiti 20 za video na utazame tena. Namba ikiwa haijasogea na kasi imebaki 35 mpaka mwisho, kebo au tundu la zamani ndilo lililokuwa likikutesa. Ndipo uhamishe kebo hiyo ya diski ya pili kwenye tundu lile la zamani na kujaribu tena, ili ujue ni lipi kati ya mawili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo diski itapona na hutajua imeponeshwa na nini, na mwezi ujao kebo mbovu itakuwa imerudi kwenye mashine nyingine. Unaponunua, chukua yenye klipu na usichukue ndefu kuliko unavyohitaji. Ukomo wake ni mita 1, na ndani ya kasha sentimita 40 au 50 zinatosha.

Namba ikiendelea kupanda hata baada ya hapo, kinachofuata kushukiwa ni umeme unaoingia kwenye diski. Diski hupokea volti 12 kwa ajili ya injini na volti 5 kwa ajili ya saketi zake, na pawasaplai ya bei rahisi inayogawa waya mmoja kwa diski mbili na feni tatu inaweza kushusha volti hizo pale prosesa inapofanya kazi nzito. Ipe diski ya kwanza waya wake wenyewe kutoka kwenye pawasaplai, bila kigawio katikati.

Umeuliza kuhusu maandishi SATA/300 | SATA/600 yaliyo juu ya dirisha la CrystalDiskInfo. La kushoto ni mwendo unaotumika sasa na la kulia ni mwendo ambao diski ingeuweza. Kwako hilo si kosa, kwa kuwa chipu ya H61 haina tundu la SATA la 600. Na hakuna ulichokikosa, maana diski inayozunguka haifikishi hata megabaiti 300 kwa sekunde. Ungeona SATA/150 hapo upande wa kushoto, ndipo ningekuwa na wasiwasi.

Mstari wa 09 wa diski hii unasomeka 6D60, yaani saa 28,000. Hiyo ni miaka mitatu na zaidi ya kuwaka mchana na usiku. Diski iliyouzwa kama mpya haiwezi kuwa na saa hizo, na nadhani ilitoka katika mashine ya kamera za ulinzi, ambako diski hazizimwi. Haina sekta mbovu mpaka leo na inaweza kukutumikia, ila ujue umri wake. Siku nyingine unaponunua diski, mwombe muuzaji aichomeke mbele yako uutazame mstari wa 09 kabla hujatoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kuhusu BIOS yako kuonyesha IDE badala ya AHCI, ambazo ni namna mbili za bodi kuzungumza na diski, hiyo si chanzo cha shida yako, lakini irekebishe ukishamaliza ya kebo. Katika hali ya IDE diski hupokea ombi moja moja kwa zamu, ilhali kwa AHCI hupokea mengi pamoja na kuyapanga kufuatana na mahali kichwa kilipo. Usibadilishe ghafla tu, kwa sababu Windows haitawaka, itakuonyesha skrini ya bluu. Kwanza andika msconfig, nenda sehemu ya Boot, weka alama kwenye Safe boot, kisha uwashe upya na kuingia BIOS moja kwa moja, uchague AHCI. Windows itawaka katika hali ya usalama na kujiwekea dereva linalofaa. Ondoa ile alama ya Safe boot, uwashe tena, na kazi imekwisha. Hakikisha unaijua nywila yako kamili, kwa kuwa katika hali hiyo PIN huenda isikubaliwe.

RAM ya gigabaiti 4 kwa Windows 10 na programu ya kuhariri video ni kidogo, na ikijaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski, nayo diski ikaonekana nzito bila kosa lake. Ongeza nyingine ya 4. Vilevile, umebakiza gigabaiti 38 tu katika diski ya kwanza. Hamisha video za kazi zilizokwisha, ila usiiagize Windows ipange upya diski kabla ya kubadilisha kebo, maana utakuwa unapitisha mamia ya gigabaiti katika njia mbovu.

Ukipata pesa ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu baada ya diski ya nje na kebo, nunua SSD, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ya gigabaiti 240 kwa ajili ya Windows na programu, na uiache diski ya terabaiti 1 kwa video. Bodi yako itaibana SSD hiyo isivuke megabaiti 280 hivi kwa sekunde, badala ya zaidi ya 500 inazoweza, lakini hilo lisikuzuie. Unachokinunua hapo si mbio za faili moja kubwa. Diski inayozunguka huhitaji milisekunde 12 au zaidi kukifikia kila kipande kidogo kilichotawanyika, na SSD huhitaji sehemu ndogo ya milisekunde moja, na Windows inapowaka husoma vipande vidogo kwa maelfu. Za bei ya kutupa zikwepe. Ukishaipokea kutoka kwenye basi la Dar es Salaam, ijaze kwa programu ya H2testw, ambayo huandika nafasi yote na kuisoma tena kuhakiki, kabla hujaiwekea chochote. Iliyoghushiwa ukubwa haiwezi kupita hapo.

UPS nayo usiiache mbali. Hata ndogo ya kukupa dakika tano za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu itazuia sekta zisizaliwe kama zile 24.

Ukishamaliza kunakili picha, nitumie ripoti.txt. Na baada ya kuhamisha kebo na kunakili zile gigabaiti 20, niandikie namba moja tu, C7 ya diski ya kwanza, pamoja na tundu ulilotumia.